Kapu Lililoachwa Mlangoni

Domitila hakuzaliwa kwa ajili ya baridi. Alisema hivyo mwenyewe kila mwaka, kuanzia ukungu wa kwanza wa Juni mpaka Agosti inapoishia, na alisema kwa sauti kubwa ili hata waliozaliwa na baridi yao wasikie. Kwao kulikuwa Ngumbo, pwani ya Ziwa Nyasa, ambako mtu huamka, akajimwagia maji ya ziwa na kuendelea na shughuli zake. Huku milimani, upande wa Mapera, alikoletwa na ndoa, maji ya asubuhi yanauma vidole, na ukifungua mlango ukungu unaingia ndani bila hodi.

Alipanda milima hiyo akiwa binti, nyuma ya baba yake aliyekuwa akileta usipa mkavu, wale dagaa wadogo wa ziwani, kubadilishana na mahindi ya Wamatengo. Xaveri, kijana mwenye mibuni michache na maneno machache zaidi, alimwona pale sokoni. Akabadilisha mahindi kwa usipa leo, akabadilisha kesho, hata mama yake akamuuliza kama amefuga paka. Basi, mwisho wa usipa ulikuwa ndoa kanisani, na Domitila akabaki milimani na meno yakigongana.

Mama mkwe wake aliitwa Hedwiga. Hakuwa mkali, lakini katika mji ule vitu viwili havikuguswa na mtu: kigoda chake cha karibu na moto, na vibuyu vyake vya mbegu vilivyoning'inia darini. Msimu wa kupanda ukifika yeye ndiye aliyevishusha, yeye ndiye aliyegawa, na wengine walipokea mbegu mkononi wakaenda kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, huko mteremkoni. Domitila hakuona ubaya. Kwao Ngumbo walilima muhogo, na mbegu ya muhogo ni kijiti: unakata, unachomeka, yamekwisha. Mambo ya vibuyu aliwaachia wenyewe.

Miaka ile baada ya vita vya Hitila, akina mama wa parokia walikuwa na kazi yao ya kipupwe. Baridi ya milimani haimuui mtu mara moja. Inaanza kwa kumnyima kuni, kwa sababu vilima vimebaki vipara, kisha inamnyima usingizi, kisha inakaa kifuani mwa mtoto. Kwa hiyo kila Juni akina mama walikusanya unga, kunde, kuni na nguo zilizochoka kidogo, wakagawana nyumba za wenye shida, kila mama na nyumba yake. Mwaka huo walimchagua Domitila awaongoze. Wengine walinong'ona kwamba ni mtu wa kuja. Yeye akawajibu, "Nani amhurumie mwenye baridi kama si mimi ninayeitetemekea kuliko ninyi nyote?" Wakacheka, wakampa.

Nyumba aliyoichukua mwenyewe ilikuwa ya Kalista, mjane wa Urbani.

Urbani huyo alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, akafika mpaka Bama, ng'ambo ya bahari, akarudi na vitu viwili: blanketi la jeshi la rangi ya majivu, zito kama mlango, na kikohozi. Kikohozi kikamchukua, blanketi likabaki. Kalista akaachwa na watoto watatu, mdogo wao Ida, msichana wa miaka kama mitano mwenye macho makubwa na miguu isiyotulia. Mwaka ule mvua ilichelewa kukatika, maharage ya watu wengi yakaozea shambani, na ya Kalista, aliyelima peke yake, yakaoza karibu yote. Mahindi yalikuwa bado mabichi. Na Ida alikuwa ameanza kukohoa. Aliyemsikia alimkumbuka baba yake.

Domitila akajaza kapu lake. Lilikuwa kapu la milala, kazi ya dada zake wa Ngumbo, lenye ukanda mwekundu mdomoni, na hapakuwa na mtu parokiani asiyelijua. Akaweka unga, akaweka usipa, juu akaweka gauni la mtoto. Alipofika kwa Kalista akapiga hodi, akamwona mwenyewe anatoka akijifuta mikono.

"Mama Ida, akina mama wanakusalimu," akasema. Akaliweka kapu kizingitini, akageuka, akaondoka upesi.

Aliondoka upesi kwa heshima. Kwao, mtu akikuletea samaki huwa amewatunga kwenye utete au amewafunga jani la mgomba. Anakupa, anaondoka. Kusimama pale ukimtazama mwenye shida akihamishia chakula chunguni ni sawa na kumchungulia uchi wake. Domitila alisikia fahari kidogo alivyoteremka njia ile. Kutoa ni moyo, alijiambia, na kujua kutoa ni adabu.

Jumapili, kabla ya misa, alikuta kapu lake mlangoni. Ndani yake mlikuwa na boga kubwa, zito, la kupendeza.

"Loo! Mama Ida ana maboga?" alimwuliza Xaveri.

"Huenda," Xaveri akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku ile.

Wakala boga. Juma lililofuata Domitila akapeleka kapu tena, na kwa sababu ya lile boga alipunguza unga kidogo ili mwingine naye apate. Kapu likarudi na maharage, mekundu yenye madoa meupe, kiasi cha kujaza chungu. Yalikuwa yamejaa majivu tele. Domitila aliguna, akayaosha, akayaosha tena mpaka maji yakatakata, akayapika kwa chumvi. Jioni ile watu wote wa mji walikula, na mama Hedwiga akaomba aongezewe.

Hapo ndipo Domitila alipokata shauri, na alilikata mbele za watu. Akina mama walipokutana nyuma ya kanisa, alisimama akasema, "Kwa Kalista tusihangaike tena. Mara boga, mara maharage. Yule anajiweza, jamani. Mimi nimeona kwa macho yangu. Sehemu yake tuwape wengine."

Mama mmoja, Vitalia, akauliza, "Una hakika, Mama Kiliani? Mie nyumba yake naijua." Kiliani alikuwa mtoto wa kwanza wa Domitila.

"Maskini gani anagawa maharage?" Domitila akajibu. Watu wakatazamana, wakakubali, kwa kuwa kiongozi ni kiongozi. Sehemu ya Kalista ikaenda nyumba nyingine.

Lakini masikio hayana pazia. Siku ya misa, katikati ya mahubiri, Ida alikohoa kikohozi kirefu mpaka padri akasimama kusubiri. Kalista akambeba akatoka naye nje kwenye ukungu. Domitila alibaki kwenye benchi, lakini mahubiri hayakumwingia tena. Kuna kitu kilimkera, na hakukijua jina. Kesho yake, bila kumwambia mtu, alijaza kapu kwa unga wa nyumbani kwake mwenyewe, akalipeleka, akapiga hodi, akaliacha kizingitini, akaondoka upesi kwa adabu ile ile.

Jumapili iliyofuata kapu lilikuwa mlangoni tena. Safari hii lilikuwa na nguo iliyokunjwa vizuri, imefuliwa, ingali na unyevu pembeni kwa sababu hakuna jua la kuanikia wakati wa kipupwe. Domitila akaikunjua. Lilikuwa blanketi, la rangi ya majivu, zito.

"Nani kaleta hili?" alisema kwa sauti. "Labda mtu anatoa kwa ajili ya maskini."

Mama Hedwiga alikuwa anatoka chumbani kwake akijiandaa kwenda misa. Akalishika lile blanketi, akalipapasa pindo, akaliona shimo dogo lililoshonwa kwa uzi mweusi.

"Hili la Urbani," akasema. Kisha akalitazama kapu. "Kapu hili uliliacha kwa Kalista?"

"Ndiyo, mama. Mlangoni."

"Ukaondoka?"

"Nikaondoka. Ningesimama nimtolee macho akimimina?"

Hedwiga aliketi kwenye kigoda chake polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Mwanangu," akasema, "hivi hukuwaona wenzako? Wakifika kwa mtu humimina kwenye chungu cha mwenye nyumba, wakaondoka na makapu yao papo hapo."

Domitila alikuwa amewaona, tena amewaona sana. Siku zote alidhani wanayaonea choyo makapu yao.

"Huku kwetu kapu likiachwa ndani ya nyumba ya mtu ni mgeni," Hedwiga akaendelea. "Mgeni haondoki mikono mitupu. Mwenye kulirudisha tupu amejitangaza kwamba nyumba yake imekufa. Ukimmiminia, hukumwacha na kapu, na hana la kurudisha. Ukimwachia, umemwambia: nawe nipe."

"Lakini mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Mtu humwambia mwenzake kwamba mvua inalowesha?" Kisha uso wa Hedwiga ukabadilika. "Na yale maharage. Yale ya juzi. Yalitoka wapi?"

"Kwake. Mazuri, ila yalijaa majivu, nikayaosha..."

"Majivu! Yesu na Maria!" Bibi akajishika kichwa. "Mbegu ndiyo huchanganywa na majivu, isiingiwe na wadudu. Zile zilikuwa mbegu zake za mwaka ujao, Domitila. Umepika mbegu za mjane. Na mimi nikala. Na nikaongezewa!"

Domitila alilia. Hakulia kwa staha, alilia kama mtoto, kamasi na yote, blanketi likiwa magotini. Alikwenda kumsaidia mwanamke yule, na kila alipokwenda alimvua kitu: kwanza boga la watoto, halafu mbegu, na sasa blanketi pekee la nyumba ile, kipupwe kikiwa katikati, na mtoto anakohoa. Tena alisimama mbele ya watu akamwita anajiweza. Haya ilimwunguza masikio.

"Namrudishia sasa hivi," akasema akiinuka.

"Kaa chini. Ukimrudishia zawadi yake umemtukana. Atafunga mlango, na kufungua hatafungua, hata uje na askofu. Mimi namjua, na mama yake nilimjua. Watu wale wanaweza kufa njaa wima."

"Basi nikae nalo, Ida afe?"

Hedwiga alisukuma kuni ndani zaidi. Aliutazama moto. Kengele ya misa ikalia, akainuka na fimbo yake akaenda kuomba, maana pale alipokuwa amefika hapakuwa na jingine.

Domitila hakwenda misa siku ile. Dhambi hiyo aliiungama baadaye, ingawa si kwa kuijutia sana. Alizunguka ndani ya nyumba, akalikunja blanketi, akalikunjua, akajisuta, akajilaani. Mwisho alijifunika nalo mabegani kwa sababu baridi ilikuwa inamtafuna, na hapo ndipo wazo likamjia. Akafunga mzigo wa kuni. Akachukua usipa akaufunga kwenye jani la mgomba kama wanavyofanya kwao. Kapu alilitazama kwa hasira, akalitupa chini ya kitanda.

Kalista naye hakwenda misa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya vijiti viwili vinavyotoa moshi kuliko moto, na Ida amejikunyata katikati ya kaka zake, kaniki ya mama yao imewafunika wote watatu. Walipomwona Domitila mlangoni, kuni kichwani na blanketi la baba yao mabegani, watoto waliduwaa. Kalista aliinamisha macho.

"Hodi, Mama Ida."

"Karibu."

"Sikukaribia kwa heri," Domitila akasema akitua mzigo. "Baridi yenu hii itaniua! Sisi watu wa ziwani hatuiwezi. Kwangu Xaveri kaenda misa, moto umezimika, nami kuwasha moto wa kuni zenu mbichi sijajua mpaka leo. Nimekuja kuota moto kwako. Kuni hizi hapa, nisije nikakumalizia zako."

Kalista alimtazama kwa muda. Mtu anayekuja kuota moto hafukuzwi, na kuni zake haziwi msaada, ni kuni za kumwotesha yeye mwenyewe. "Keti," akasema.

Wakachochea. Moto ukakubali, nyumba ikapata rangi. Domitila akaufukia usipa kwenye majivu ya moto ndani ya jani lake, harufu ikatanda, na wale wavulana wawili wakasogea bila kuitwa. "Kuleni, kuleni, mimi peke yangu siumalizi," akawaambia. Kisha akanyoosha mikono. "Wewe Ida, njoo unipashe joto. Bibi kizee huyu anatetemeka."

Ida akamwangalia mama yake. Mama yake akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akapanda mapajani, Domitila akamzungushia blanketi mpaka shingoni, na akakisikia kifua kile kidogo kikikoroma chini ya mkono wake. Walizungumza habari za kawaida: mibuni, panya, na jinsi katekista alivyosahau wimbo katikati. Ida akapitiwa na usingizi. Kikohozi kikapungua, kikawa cha mara moja moja.

Ulipofika wakati wa kuondoka, Domitila alimlaza mtoto karibu na moto, na blanketi akamwachia vile vile.

"Blanketi lako, Mama Kiliani," Kalista akasema.

"Nikilivuta ataamka. Tazama alivyolala. Nitalifuata kesho."

Kalista alilijua blanketi lile uzi kwa uzi, alilishona mwenyewe. Alimtazama Domitila usoni, kisha mikononi, akaona kwamba hakuja na kapu. Midomo yake ikacheza, ikatulia.

"Haya," akasema. "Kesho uje ulichukue lako."

Kesho yake Domitila akaja na kuni zake, akaota moto, akauliza, "Mtoto?"

"Amelala," Kalista akajibu. Kweli alikuwa amelala.

Keshokutwa akaja tena. "Amelala." Kesho yake tena. Ilifika siku Domitila akamkuta Ida uani anamfukuza kuku huku akipiga kelele, mashavu yamejaa, kikohozi kimekuwa historia. Akauliza kwa uso mkavu, "Mtoto, Mama Ida?"

Kalista, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya mzaha tangu azikwe Urbani, alimtazama binti yake anavyorukaruka, akasema, "Masikini, amelala. Tusimwamshe." Wakaangua kicheko wote wawili mpaka wakashikana mabega, na kwa Kalista kicheko kikageuka machozi, na Domitila akamshika hivyo hivyo.

Kwa akina mama alikiri kila kitu, nyuma ya kanisa pale pale alipokuwa amesema uongo wake bila kujua. Vitalia alimsuta mpaka akachoka, kisha akamsamehe. Kipupwe kile na vilivyofuata, Domitila alimimina kwenye vyungu vya watu kama wenzake. Machi ilipofika, mama Hedwiga alivishusha vibuyu vyake akamwita Kalista aje amsaidie kuchagua mbegu, maana macho yake, alisema, yameanza kuzeeka. Anayechagua mbegu huondoka na fungu lake la kupandia. Macho ya Hedwiga hayakuwa na tatizo lolote mwaka ule.

Miaka ikaenda. Hedwiga akafariki, vibuyu vikabaki kwa Domitila, naye akajifunza majivu yake. Maneno yale yakabaki kati ya wanawake wale wawili kama kigoda kisichoguswa na mwingine. Wakikutana kisimani, mmoja huuliza, "Mtoto?" Mwingine hujibu, "Bado amelala." Ida alikuwa amelala alipoanza shule ya misheni. Alikuwa amelala aliposhinda wenzake wote katika hesabu. Alikuwa amelala hata alipoanza kuvaa viatu na kuwapita vijana njiani bila kuwatazama.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Juni, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni, mtu alipiga hodi kwa Domitila asubuhi. Alikuwa Ida, msichana mrefu mwenye macho yale yale. Jumamosi ile alikuwa anaolewa Lundo, huko ziwani kwenye joto. Mkononi alikuwa na kapu jipya, kazi ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mama anakusalimu." Ida akaliweka kapu kizingitini. "Anasema nikwambie, nimeamka."

Domitila alitazama ndani. Blanketi la jeshi, la rangi ya majivu, limekunjwa vizuri, limeliwa pembe lakini safi. Alipoinua kichwa, Ida alikuwa ameshageuka, anateremka njia upesi.

"Wee Ida! Rudi umimine! Usiniachie kapu!"

Ida alicheka bila kugeuka, na ukungu ukamfunika.

Domitila alisimama mlangoni akilia na kucheka, na baridi ikimwingia. Akalitoa blanketi akajifunika mabegani. Kisha akaingia ndani, akaweka kigoda cha mama Hedwiga chini ya dari, akakishusha kibuyu kikubwa, akamimina maharage kwenye kapu la Kalista: mekundu yenye madoa meupe, na majivu yake yote, mpaka kapu likajaa. Akalibeba mpaka kwa Kalista. Akaliweka kizingitini, akapiga hodi, na kabla mlango haujafunguliwa akaondoka mbio, kadiri magoti yake yalivyomruhusu.